Kukusanya ramani za mfukoni za Nairobi ya zamani: mwongozo wa anayeanza

Ramani ninayoizungumzia hapa ni ile iliyokunjwa ikatosha kwenye mfuko wa koti. Kampuni za mafuta zilizitoa kwenye vituo vya petroli, mahoteli yakaziweka mapokezi, benki zikazichapa pamoja na matangazo yao, na Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji, ikaziuza zikiwa na jalada. Ukiikunjua moja mezani unaliona jiji lote la katikati, kuanzia stesheni ya reli hadi Mto Nairobi, ila barabara zina majina ambayo kijana wa leo hajawahi kuyasikia.

Hazikutengenezwa zidumu. Mtu alinunua, akatembea nayo, ikashika jasho, ikachanika kwenye mikunjo, akaitupa. Ramani kubwa za ukutani zilitunzwa maofisini, lakini hizi ndogo zilienda na tikiti za basi na magazeti ya jana. Zilizosalia ni chache, na kila mwaka nyingine zinaishia kufungia njugu. Nilianza kuzitafuta nilipokuwa nafundisha Jiografia, kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakipita Moi Avenue kila siku bila kujua kwamba wazazi wao waliiita Government Road. Ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia siku ile ya kwanza, kabla sijapoteza pesa na kabla sijaharibu karatasi ambayo hairudi.

Hatua ya 1: Chora mpaka wako

Usiseme unakusanya ramani za zamani. Utajaza nyumba ramani za mbuga, za Mombasa na za Afrika Mashariki nzima, na hutaijua hata moja vizuri. Katikati ya Nairobi pana mipaka inayoonekana kwa macho: Uhuru Highway upande mmoja, Haile Selassie Avenue na reli upande mwingine, Mto Nairobi na Kirinyaga Road upande wa tatu. Ramani yoyote inayoonyesha pembetatu hiyo kwa undani ni yako. Nyingine ziache zipite.

Ndani ya mpaka huo bado unaweza kujibana zaidi. Mwingine atachukua za kabla ya Uhuru peke yake, mwingine za kampuni za mafuta. Mimi nilichagua zile zinazovuka Racecourse Road kuelekea mashariki. Ramani nyingi za wakati wa ukoloni zinaichora Delamere Avenue mti kwa mti, halafu zikifika River Road mkono unachoka. Kariakor, iliyopata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi (Carrier Corps) wa Vita Kuu ya Kwanza, na Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, mara nyingi ni karatasi tupu au tangazo la duka la saa limekalia pale pale walipokuwa wanaishi watu maelfu. Ramani ya mfukoni iliyojisumbua kufika huko naithamini kuliko nyingine yoyote, na hulipia zaidi.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma umri wake kabla ya kufungua kibeti

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ramani nyingi za mfukoni hazina mwaka. Mchapishaji hakutaka mteja aone kwamba bidhaa imezeeka. Muuzaji naye atakuambia ni ya mwaka wowote utakaomfurahisha. Lakini ramani ya Nairobi inajitaja umri yenyewe, kwa sababu jiji hili limebadilisha majina na majengo mara nyingi mno.

Anza na jalada. Likisema British East Africa au East Africa Protectorate, uko kabla ya 1920, na kitu cha namna hiyo usikiguse kwa mikono yenye mafuta. Kenya Colony ni 1920 hadi 1963. Halafu angalia Nairobi yenyewe inaitwaje: ilipewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi 1950, kwa hiyo jalada la City of Nairobi haliwezi kutangulia siku hiyo, na la Municipality of Nairobi ni la miaka ya kabla yake. Bei iliyochapwa nayo husema. Ikiwa kwa rupia, ni ya zamani sana, kwa maana rupia iliondoka 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920.

Kisha nenda barabarani. Haya ndiyo majina ninayoyakagua kwanza, na nakushauri uyakariri kama ulivyokariri jedwali la kuzidisha:

Sixth Avenue ikawa Delamere Avenue, ikawa Kenyatta Avenue.
Government Road ikawa Moi Avenue.
Victoria Street ikawa Tom Mboya Street.
Hardinge Street ikawa Kimathi Street.
Sadler Street ikawa Koinange Street.
Stewart Street ikawa Muindi Mbingu Street.
Bazaar Street ikawa Biashara Street.
Grogan Road ikawa Kirinyaga Road.
Queensway ikawa Mama Ngina Street.
Princess Elizabeth Way ikawa Uhuru Highway.

Majina hayo hayakubadilika siku moja, na pengo kati yao ndilo linalokupa mwaka. Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969, hapo hapo Government Road, akitoka duka la dawa. Ramani yenye Tom Mboya Street basi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Moi alishika urais 1978. Ukikuta karatasi moja ina Tom Mboya Street na bado ina Government Road, umeshaibana ndani ya miaka kama kumi bila kuuliza mtu. Yenye Kenyatta Avenue na Victoria Street pamoja ni ya miaka ile ya kwanza ya Uhuru, ambayo kwangu ndiyo mitamu zaidi, maana unaona jiji likibadilisha nguo kipande kimoja baada ya kingine.

Baada ya majina, majengo. Msikiti wa Jamia ulikamilika 1933. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931. Hoteli ya Hilton ilifunguliwa 1969, na jumba la mikutano la KICC 1973. Chuo karibu na Hoteli ya Norfolk kilianza kupokea wanafunzi 1956 kikiitwa Royal Technical College, na kikawa University of Nairobi 1970, kwa hiyo jina lililoandikwa pale ni saa nyingine ndani ya ramani. Kampuni ya reli nayo: East African Railways and Harbours ilianza 1948, na jumuiya iliyoibeba reli hiyo ikavunjika 1977. Pembeni mwa karatasi kwa kawaida kuna mshale wa kuelekea uwanja wa ndege. Embakasi ulifunguliwa 1958, ukaitwa Jomo Kenyatta kuanzia 1978. Wilson ulipata jina hilo 1962, kabla ya hapo ulikuwa Nairobi West.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni reli iliyopita pale ilipo Uhuru Highway sasa. Njia ya treni ya kwenda Kisumu ilikata pale pale, magharibi mwa jiji, kabla haijahamishwa ili barabara kuu ijengwe. Ukiona mistari ya reli mahali ambapo leo unasimama kwenye foleni ya magari, umeshika kitu cha zamani kweli.

Kuna kanuni moja ambayo imeniokoa mara nyingi. Kitu kilichomo kwenye ramani kinakupa uhakika, kitu kisichokuwemo kinakupa dhana tu. Wachapishaji walitumia bamba lile lile la kuchapia miaka na miaka, wakibandika jina jipya hapa na pale. Kwa hiyo ramani isiyo na KICC inaweza kuwa imechapwa 1976 na mtu mvivu. Lakini yenye KICC haiwezi kuwa ya 1960. Tafuta kitu kipya kuliko vyote kwenye karatasi, na umri wake ndio kikomo chako cha chini.

Usisahau matangazo. Benki ya Barclays iliandika herufi DCO mwishoni mwa jina lake kuanzia 1925 hadi 1971, na tangazo lake limo kwenye ramani nyingi. Namba za simu pia: kadiri tarakimu zilivyo chache ndivyo karatasi ilivyo kongwe. Kwenye ramani za serikali, soma maandishi madogo ya ukingo wa chini. Herufi DCS ni za ofisi ya upimaji ya makoloni iliyoanzishwa Uingereza 1946, iliyobadilishwa jina 1957 ikawa DOS, na SK ni Survey of Kenya wenyewe. Namba iliyo mbele ya herufi hizo ni ya toleo. Wakati mwingine utakuta pia tarakimu zilizotenganishwa kwa mikwaju, ambazo ni idadi ya nakala, mwezi na mwaka wa kuchapa. Hapo kazi imeisha.

Ili macho yako yazoee, tenga siku mbili tatu za kusoma kabla ya siku ya kununua. Nenda Kenya National Archives pale Moi Avenue, ulipe ada ndogo ya kuingia chumba cha kusomea, uombe ramani za jiji. Jengo hilo ndilo linalohifadhi vitabu na nyaraka za Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Alikusanya maelfu ya vitabu kuhusu Afrika wakati wengine waliona ni takataka za mkoloni, na mkusanyo wake ukabaki nyumbani Kenya. Mimi huanzia hapo kila nikichoka. Kisha nenda Nairobi Railway Museum, iliyofunguliwa 1971. Michoro ya reli ni mama wa ramani zote za mji huu, kwani reli ilifika hapa Mei 1899 na mji ukafuata.

Hatua ya 3: Andaa mkoba

Lenzi ya kukuza mara kumi, kama ile ya mafundi wa saa. Rula. Tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile wanayokagulia noti madukani. Penseli laini. Faili la plastiki angavu na vipande viwili vya kadibodi, ili ukinunua usiikunje tena wala kuibana kwenye matatu. Orodha yako ya majina ya barabara iwe kwenye karatasi, kwa sababu kutoa simu katikati ya Tom Mboya Street si busara, na pia muuzaji akiona unatafuta kwenye simu bei inapanda.

Hatua ya 4: Jua pa kuinama

Nairobi tunaziita duka za inama, zile za vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara, kwa kuwa lazima uiname ili uone. Huko ndiko nilikopata zaidi ya nusu ya ramani zangu. Ila usitafute ramani, tafuta vitabu. Ramani ya mfukoni hujificha ndani ya kitabu cha safari cha zamani, kwenye mfuko wa jalada la nyuma, au imewekwa kama alama ya ukurasa. Fungua kila mwongozo wa watalii, kila kitabu cha simu, kila shajara ya ofisi. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui kwamba imo.

Wanaonunua karatasi kuukuu kwa kilo ni chanzo kingine, na hapo unashindana na mvua na mashine ya kusaga. Zungumza nao mapema, waachie namba yako, waambie wazi unachotaka: karatasi iliyokunjwa yenye mchoro wa barabara. Wape chochote wakikupigia, hata kama ulichokikuta hakifai. Nilimlipa mzee mmoja wa Gikomba mara tano kwa ramani za Tanzania na Uganda ambazo sikuzihitaji. Mara ya sita akaniletea ya Nairobi ya miaka ya 1950, iliyobandikwa kitambaa cha kitani nyuma.

Familia za wafanyakazi wa zamani wa reli, posta na baraza la jiji wana masanduku. Nenda kwa adabu, na usiende wiki ya msiba. Keti, kunywa chai, sikiliza. Mara nyingi hadithi ya mwenye ramani ni bora kuliko ramani, na utaihitaji katika hatua ya mwisho.

Kuna ukweli unaouma: ramani nyingi za Nairobi za kabla ya 1963 ziliondoka na wenyewe, na leo ziko Uingereza kwenye maduka ya vitabu vya kale na minada ya mtandaoni. Ukiagiza huko, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya ramani na ya kila mkunjo, aifunge ikiwa imelala kati ya kadibodi, na uulize mapema gharama za posta na ushuru. Zikijumlishwa zinaweza kuizidi bei ya ramani. Mimi huagiza mara moja kwa mwaka, na kwa kitu ambacho nimekikosa hapa kabisa.

Hatua ya 5: Kagua kama fundi

Iombe mkononi, itandaze juu ya kadibodi, usiishike hewani. Weka lenzi kwenye sehemu yenye rangi, kwa mfano kijani cha Uhuru Park au wekundu wa majengo. Ramani za zamani zilichapwa rangi moja moja, kila rangi na bamba lake, kwa hiyo utaona mstari mzima na wino uliotulia, na pengine rangi imetoka nje kidogo ya mstari wake. Nakala ya kisasa huonyesha nukta ndogo ndogo za samawati, waridi, njano na nyeusi zilizopangana kama maua. Picha za matangazo zinaweza kuwa na nukta hata zamani, basi usihukumu kwa picha. Hukumu kwa mistari na herufi.

Kisha washa tochi kwenye kivuli. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa za kung'arisha weupe karibu mwaka 1950. Karatasi inayowaka samawati kali chini ya mwanga huo haiwezi kuwa ya 1920, hata jalada lake liwe na vumbi kiasi gani. Vumbi hupakwa. Nimeona hata karatasi iliyolowekwa kwenye chai ya rangi ili ionekane kongwe. Ya kweli hugeuka kahawia zaidi kwenye kingo na kwenye mikunjo iliyopigwa na hewa, ilhali iliyolowekwa ina rangi moja kote, au madoa ya duara.

Hesabu matundu. Ramani iliyokunjwa mara nyingi hutoboka pale mikunjo miwili inapokutana, na katikati ya jiji mara nyingi huangukia papo hapo. Tundu dogo halinisumbui. Lakini jina la barabara likiwa limekwenda na tundu, bei lazima ishuke. Angalia pia kama jalada ni la ramani hiyo kweli, au ni ndoa ya kulazimishwa kati ya jalada la moja na karatasi ya nyingine. Alama za gundi zitakuambia.

Maandishi ya penseli ya mwenyewe wa kwanza usiyaone kama uchafu. Nina ramani ambayo mtu alichora mstari kutoka stesheni hadi River Road, akaweka alama ya msalaba na neno "kazi". Hata nikipewa ile ile ikiwa safi kabisa, sibadilishani.

Hatua ya 6: Sema bei

Siku moja kijana wa inama alinitolea ramani ndani ya nailoni.

"Mathe, hii ni ya kitambo, ya wakati wa wazungu. Elfu tatu."

Nikaikunjua taratibu nikamwonyesha kwa kidole. "Kijana wangu, soma hapa. Hii ni Moi Avenue. Moi alikuwa rais kuanzia mwaka gani?"

Akanyamaza, akaisogeza karibu na macho. "Sabini na nane."

"Basi hii ni ya baada ya hapo."

Tuliafikiana shilingi mia mbili, na nilikaa naye nusu saa nikimwonyesha majina mengine. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenipigia simu, na akisema ni ya zamani, ni ya zamani.

Na upande wa pili ukumbuke haki. Ukimkuta anayeuza kwa mia kitu unachojua ni adimu, mwambie, umlipe bei inayofanana na bei. Nimewahi kusikia watu wakijisifu kwamba walimzidi akili mama muuza vitabu. Mimi naona ni wizi wa polepole, na pia ni ujinga wa biashara, kwa maana mama huyo akigundua hatakuita tena.

Hatua ya 7: Ujue isiyouzwa

Ikiwa na mhuri wa maktaba, wa hifadhi ya nyaraka au wa ofisi ya serikali, simama. Nyaraka za umma zinalindwa na sheria, Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, na si mali ya aliyezibeba chini ya koti. Tafuta mhuri wa pili unaoonyesha imeondolewa rasmi kwenye orodha. Usipouona, usinunue, na ukiweza iarifu taasisi yenyewe. Ramani iliyoibwa kutoka kwenye chumba cha kusomea inamnyima kila mwanafunzi atakayekuja.

Hatua ya 8: Itunze, na usirudie kosa langu

Ramani yangu ya pili ilikuwa na Victoria Street. Ilichanika kwenye mkunjo wa katikati, nami kwa upendo nikaipiga selotepu nyuma na mbele. Kwa miaka michache ilionekana imepona. Kisha selotepu ikageuka njano, ikakauka ikabanduka yenyewe, na gundi ikabaki ndani ya karatasi, ikazama hadi upande wa pili. Leo pale palipoandikwa Bazaar Street pana doa la rangi ya asali, na herufi tatu tu zinasomeka. Hakuna anayeweza kuitoa bila kuondoka na wino. Kwa hiyo nakusihi: usitumie selotepu, wala gundi ya dukani, wala pasi ya moto kunyoosha mikunjo, wala kuipeleka kutiwa nailoni ya joto. Hiyo ya mwisho haina kurudi kabisa.

Wahifadhi wa nyaraka huziba mpasuko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao unaweza kutolewa kwa maji baadaye. Ukimpata mtaalamu, mlipe. Usipompata, iache na mpasuko wake ndani ya plastiki angavu ya poliesta. Mpasuko uliotulia hauendelei. Epuka plastiki laini inayonuka kama kiatu kipya, kwa sababu hutoa kemikali na huvuta wino.

Iliyobandikwa kwenye kitani hukunjwa kama ilivyozoea. Ya karatasi tupu nailaza ikiwa wazi, kwa kuwa kila kukunja kunaimega. Usilitenganishe jalada na ramani hata kama linaning'inia kwa uzi mmoja.

Sanduku likae juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje, hasa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, na hata Julai yetu yenye manyunyu. Unyevu huleta kuvu, na kuvu huleta wadudu. Ukinunua iliyotoka stoo yenye mende au mchwa, ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friza wiki mbili, kisha uiache ifikie joto la chumba siku nzima kabla ya kufungua mfuko. Ukutani tundika fotokopi, ya asili ikae gizani. Ukipeleka kunakiliwa mjini, simama hapo hapo uhakikishe wanatumia mashine ya kulaza. Ile ya kuvuta karatasi kwa roli itaitafuna.

Hatua ya 9: Andika, kisha itembeze

Kila ramani iwe na kadi yake. Ulinunua wapi, lini, kwa nani, kwa bei gani, umeibana kwenye miaka ipi na kwa ushahidi upi. Andika pia kile mwenyewe alichokusimulia. Usiandike juu ya ramani, hata kwa penseli.

Weka na za leo. Barabara ya Expressway ilifunguliwa 2022, na mwaka huo huo Hilton ikafunga milango. Karatasi ya watalii ya mwaka 2015 yenye Hilton na isiyo na Expressway tayari ni ya jiji ambalo halipo. Ramani ya njia za matatu iliyotengenezwa na mradi wa Digital Matatus mwaka 2014 ni miongoni mwa za kwanza kuonyesha jinsi sisi wengi tunavyosafiri hasa, na ukiipata ikiwa imechapwa kwenye karatasi, ichukue bila kufikiri mara mbili.

Halafu toa fotokopi ya ramani yako kongwe zaidi, uiweke mfukoni, utoke asubuhi ya Jumapili wakati magari ni machache. Anzia Nairobi Gallery, penye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, jengo la mwaka 1913 ambapo umbali wa barabara za nchi ulihesabiwa kuanzia. Shuka Kenyatta Avenue, ukunje Muindi Mbingu Street, uingie Biashara Street, ukisoma majina ya zamani kwa sauti. Kisha rudi Jumatatu, maduka yakiwa wazi. Kwenye maduka ya vitambaa na ya vyombo bado kuna wazee waliorithi biashara kwa baba zao. Mwonyeshe mmoja fotokopi, umuulize duka lake lilikuwa wapi. Akiweka kidole, mpe penseli aweke alama mwenyewe, na nyuma ya karatasi hiyo uandike tarehe.